Maisha ya Mzee Mafundo, Aliyehesabu Walioshuka Shimoni (1958–2024)

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mliotoka kazini mkaja na matope yenu miguuni, karibuni. Tunayemsindikiza leo ni mtu ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kuhakikisha kwamba hatusindikizani mapema. Wengi wenu hamjui jina lake la shuleni. Mlimwita Mzee Mafundo, naye akaitika, kwa hiyo hata katika karatasi hii ataitwa hivyo.

Mzee Mafundo alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba namba kumi na moja, mstari wa tatu, kwenye kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya dhahabu. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita, na wa kiume peke yake. Baba yake alikuwa mtoboa mwamba. Mama yake alifua nguo za mafundi wa mashine. Mji huu ulikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili tu. Ulianza pale mtu mmoja alipokuwa anachimba choo, akakutana na jiwe linalong'aa, akaacha kuchimba choo na hakukimaliza tena. Marehemu alipenda kusema kwamba mji wetu ulianzishwa na mtu aliyebanwa, na mpaka leo hakuna aliyemshukuru.

Siku hizo mji uliishi kwa king'ora. Kilipolia saa kumi na mbili asubuhi, watu walishuka. Kilipolia saa nane mchana, hao walitoka na wengine wakaingia. Kikilia saa isiyo yake, wanawake waliacha vyungu motoni na kukimbilia mlango wa shimo. Pale palikuwa na ubao mkubwa wenye misumari. Kila aliyeshuka alitundika kibati chake cha shaba chenye namba, na alipotoka alikiondoa kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1964 king'ora kililia saa tano asubuhi. Mama yake alimshika mkono wakakimbia. Kibati cha baba yake, namba 212, kilikuwa ubaoni. Vibati vingine vikaondolewa kimoja kimoja, watu wakaenda zao, na 212 ikabaki inaning'inia mpaka jua likaanza kushuka. Ndipo baba akatokea, mweupe kwa vumbi kama mtu aliyeangukia kwenye gunia la unga, akanyoosha mkono, akaondoa kibati, akasema, "Mbona mnaniangalia hivyo? Nina njaa." Marehemu alikuwa na miaka sita. Alisema hakuwahi kusikia sauti nzuri kuliko ile ya kibati kinachotoka kwenye msumari.

Alisoma shule ya msingi ya kampuni kuanzia mwaka 1966 hadi 1972 alipomaliza darasa la saba. Hesabu alizijua vizuri na mwandiko ulikuwa wa kawaida. Mwalimu wake wa darasa la tano alimpa kazi ya kuita rejista. Siku moja mtoto mmoja hakuitika. Wakati wa mapumziko marehemu akatoka shuleni bila ruhusa, akazunguka kambi nzima, akamkuta mwenzake amejificha ndani ya pipa tupu nyuma ya stoo kwa sababu hakufanya hesabu za nyumbani. Akamtoa, akamleta darasani akiwa na kutu nywele nzima. Wakachapwa wote wawili.

"Nani alikutuma?" mwalimu aliuliza.

"Rejista ilikuwa na nafasi tupu, mwalimu."

Alifaulu, lakini hakwenda mbele. Baba yake alikuwa amekwisha kuanza kukohoa kile kikohozi ambacho kila nyumba ya mji huu inakijua, na nyumbani ilihitajika mikono.

Tarehe 2 Februari 1976 kampuni ilimwajiri kufagia uwanja wa juu. Mwaka 1979 alipewa ubao. Akawa mtunza ubao, kazi ambayo wenzake waliidharau kwa sababu haikuwa na nguvu wala marupurupu. Walimtania kwamba yeye ni mchimbaji wa kivulini. Alijibu, "Kivulini ndiko nitakakokaa nikikungoja, kwa hiyo usinicheleweshe."

Ni huko ubaoni alikokutana na mke wake. Alikuwa msichana aliyeuza chai nje ya uzio, na kaka yake alishuka na kibati namba 340. Kila mchana alikuja kwenye uzio kutazama kama 340 bado ipo. Namba hiyo ilikuwa mstari wa chini kabisa, na msichana alilazimika kuinama mpaka sinia la vikombe likataka kumwagika. Wiki ya pili, 340 ikahamia mstari wa juu kabisa, peke yake, kama picha ya mkubwa wa nchi. Msimamizi akaja juu.

"Kwa nini 340 iko huku?"

"Inaonekana vizuri hapa, bosi."

"Inaonekana na nani?"

Mtunza ubao akapangusa kibati kwa shati lake, na nje ya uzio mtu mmoja akacheka, akamwaga chai. Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1986. Mungu aliwapa watoto watatu: wa kwanza wa kiume mwaka 1987, wa pili wa kiume mwaka 1994, na binti, kitinda mimba wao, mwaka 1998, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Alikuwa baba mpole. Kosa moja tu alilijua kuwa kosa kubwa, nalo ni kuondoka nyumbani bila kumwambia mtu unakokwenda.

Tarehe 30 Juni 1993 kampuni ilifunga kazi. Malori yalibeba mashine ya kuvutia watu, mabati ya mapaa, vitanda vya zahanati, na hata king'ora chenyewe. Ubao nao uling'olewa kwa ajili ya shaba ya vile vibati. Walituachia mlingoti wa king'ora, mashimo, na sisi wenyewe. Haikupita miezi miwili watu wakarudi chini na nyundo na tindo, bila nguzo za kushikilia paa, bila mipira ya hewa, na bila mtu wa kusema nani yuko wapi. Walioona mji wetu zamani wakija leo hawautambui. Milingoti ya goli ndiyo inayoshikilia winchi mbili katikati ya uwanja wa mpira. Barabara kubwa ilizama mbele ya duka la fundi cherehani, naye akahamisha cherehani yake ng'ambo na kuendelea na suruali aliyokuwa anaipunguza. Darasa la nne lina ufa unaopitisha mkono. Vinu vya kusaga mawe havinyamazi, na vumbi lake ndilo tunalofuta mezani asubuhi na kulikuta tena mchana. Beseni tunalokamatia dhahabu kwa zebaki ndilo tunaloogeshea watoto. Tunajua, na tumeendelea.

Mzee Mafundo hakushuka kuchimba. Alichukua kamba ya winchi iliyokatika, akaifunga kwenye mti mkavu mdomoni mwa shimo kubwa, akakaa kando yake juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kila aliyeshuka alileta kipande cha nguo, kikafungwa fundo kwenye ile kamba. Sheria ilikuwa moja. Kufunga, mtu yeyote aweza kukufungia: mama yako, mke wako, hata rafiki. Kufungua ni wewe mwenyewe, kwa vidole vyako, ukiwa umesimama juu ya ardhi.

Walimcheka sana mwanzoni.

"Mzee, unanifunga kama mbuzi!"

"Mbuzi akipotea mwenyewe anamtafuta. Wewe nani atakutafuta?"

"Demu wangu!"

"Yupi? Niambie jina nimwandalie viatu vya kukimbilia, maana wako watatu na njia ni moja."

Walicheka, na wakafunga. Baadaye hakuna aliyeshuka shimo lile bila fundo. Wachimbaji wageni waliambiwa kabla hawajaambiwa maji ya kunywa yako wapi. Mwaka 2003 lilipoanguka tawi la kushoto, kamba ilionyesha vipande vitatu, watu wakachimba wakijua wanatafuta watatu, wakawatoa watatu. Mwaka 2008 ikaonyesha kimoja, na mwenye kipande hicho yuko hapa leo amevaa shati jeupe, anajijua.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu mwenyewe alitaka pasirukwe. Alimwambia mke wake, "Siku ya kunisoma, msinifanye malaika. Someni na ya koti."

Alhamisi tarehe 19 Aprili 2012 mvua ilianza saa nane mchana. Mwanawe wa kwanza alikuwa chini. Fundo lake lilikuwa jekundu, kipande cha blauzi kuukuu ya mama yake. Watu walianza kutoka kwa kusukumana, ngazi zinateleza, kila mmoja akifungua lake na kukimbilia kibanda cha chai. Kati yao akatoka mtu mwenye koti la mvua la njano, kofia imeshuka mpaka puani. Koti hilo Mzee Mafundo alilinunua mwenyewe na kumpa mwanawe. Lile koti likampita mbio. Akamwita, mvua ikameza sauti. Akatazama kamba, akaona fundo jekundu limelowa na limekaza, akajisemea kwamba kijana amesahau kwa baridi. Akalifungua yeye.

Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumfungulia mtu. Alimfungulia mwanawe, kwa furaha tu ya kuona ametoka.

Saa tisa shimo likaanguka. Watu wakamkimbilia. "Mzee, wangapi?" Akainua kamba. Ilikuwa tupu toka juu mpaka chini. "Hakuna mtu," alisema. Basi wakang'oa mashine ya kuvuta maji, wakaihamishia shimo la jirani ambako wanne walikuwa wamezingirwa na maji. Wanne hao walitoka wazima, wote. Marehemu alirudi nyumbani amelowa, akakuta sahani imefunikwa.

"Kijana yuko wapi?" aliuliza.

"Si yuko na wewe?" mke wake alisema.

Saa kumi na mbili jioni mtu akabisha hodi. Alikuwa rafiki wa mwanawe, ameshika koti la njano limekunjwa vizuri. "Shikamoo mzee. Nimerudisha koti. Nilifungua fundo langu kwenye ule msukumano nikapita mbio. Alivua lake kule chini akanivisha, akasema mimi natetemeka mno, yeye anakusanya vyombo anakuja nyuma yangu."

Walichimba siku nne. Siku ya tano maji yalijaa mpaka mdomoni. Mwili haukupatikana. Mke wa kijana huyo alikuwa na mimba ya miezi saba.

Kwa miezi miwili Mzee Mafundo hakutoka nje ya ua. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alikuwa akisema, "Wangenitukana ningejua pa kusimama." Mwishowe wachimbaji walikuja, wakakaa chini uani, wakasema hata shimo la jirani hawashuki bila yeye. Alichukua kamba. Kabla ya fundo la mtu mwingine yeyote, alifunga lile jekundu, juu kabisa, peke yake, mahali palepale ambapo angeitundika 340. Halikufunguliwa tena. Kila asubuhi alihesabu kuanzia hapo. Wakiwa ishirini chini, yeye alisema ishirini na moja.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2016, ingawa hakuwahi kuchimba. Kukaa mdomoni mwa shimo miaka yote hiyo na kinu cha kusaga mawe upande wa upepo kulitosha. Zahanati ilimpa dawa za kifua kikuu mara mbili, na mara zote mbili hakikuwa kifua kikuu. Mwaka 2019 alipigwa picha ya mapafu, daktari akaishika kwenye dirisha na kuitazama kwa muda mrefu. Marehemu akamsaidia: "Sema tu, daktari. Nimemeza mlima. Nikifa mnisage, hamtakosa gramu mbili." Kuanzia mwaka 2021 hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, kamba ukutani mbele yake. Mdomoni mwa shimo hakuna aliyekaa tena kwenye ile ndoo. Kila mwenye shimo akawa na daftari lake.

Mwezi Mei mwaka huu lile shimo lililoanguka lilifunguliwa upya. Likanyonywa maji kwa mashine tatu. Wachimbaji wake hushuka Jumamosi na kukaa chini wiki nzima, chakula kinateremshwa kwa ndoo, kisha wanatoka Jumamosi inayofuata. Mwanawe wa pili akaja nyumbani akasema ameandikishwa.

Mama yake aliweka chini alichokuwa ameshika. Baba yake akauliza, "Unafuata dhahabu?"

"Namfuata kaka. Wamefika tawi la kulia, kule alikobaki. Nitamleta nyumbani, mama azike kitu."

Marehemu akavuta pumzi zake za nusu nusu. Kisha akasema, "Nenda. Lakini funga fundo."

"Baba, kamba yako ilimtoa kaka?"

Hayo yalisemwa. Tunayaandika kwa sababu aliyeyasema ameyajutia, mama yake anajua, na baba yake hakuyashika hata siku moja. Kijana alitoka, na tangu Mei amekuwa akishuka na kutoka, Jumamosi kwa Jumamosi, akipita nyumbani kuoga na kumsalimu mama bila kuingia chumba cha baba. Mzee Mafundo alikata upindo wa foronya ya buluu ya kitanda cha kijana huyo, akamfungia fundo mwenyewe, chini ya lile jekundu. Kila Jumamosi alilitazama likining'inia, kijana akiwa uani anajimwagia maji, na hakulifungua. "Atakuja kulifungua yeye," alikuwa anasema. "Mimi nilishafungua moja la mtu."

Jumamosi iliyopita, tarehe 5 Oktoba, mwana wa pili alishuka tena. Jumatatu mvua ikaanza. Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, Mzee Mafundo aliomba kamba. Mke wake akaitungua ukutani na kumwekea magotini. Akaipapasa.

"Wangapi wako chini?"

"Mmoja, baba watoto."

Akatikisa kichwa, akainua vidole viwili. Kisha akasema, "Usilifungue," akaegemea mito, na zile pumzi za nusu nusu zikakoma. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Zahanati yetu haina chumba cha baridi, kwa hiyo maziko hayakuweza kungoja Jumamosi. Jumatano mke wake alikwenda shimoni na kuomba ujumbe upelekwe chini, kwamba baba amefariki na anazikwa Ijumaa. Msimamizi alimpokea vizuri, akampa kigoda, akasema karatasi imeteremshwa na ndoo ya chakula. Mama akangoja. Ndoo ikapanda tupu, bila jibu. Akauliza, "Wako wangapi kule chini, mwanangu?"

"Kumi na saba, mama." Akafungua daftari, kurasa zimelowa na wino umesambaa. "Au kumi na nane. Kuna mmoja alitoka Jumapili anaumwa, sasa sijui kama alirudi."

Mpishi, aliyekuwa anaosha sahani, akasema bila kugeuka, "Mimi nateremsha kumi na tisa, na hairudi hata punje."

"Sasa ni kumi na saba, kumi na nane, au kumi na tisa?"

"Mama, tafadhali, una msiba. Nenda nyumbani ukapumzike. Usituletee mkosi hapa."

Alhamisi alirudi tena na binti yake. Mvua ilikuwa inanyesha. Mashine moja kati ya tatu ilikuwa imezimika, na ujumbe wa pili ulipelekwa, na ndoo ikapanda tupu. Mpaka karatasi hizi zinapelekwa kupigwa chapa Alhamisi mchana, mwana wa pili hajatoka na hajajibu. Huenda ana hasira. Huenda ndoo haifiki alipo. Mama yake anaomba Mungu iwe hasira.

Mnaliona kaburi hili liko kando ya tangi kuukuu la maji, mbali na wenzake. Wachimba kaburi walijaribu mahali patatu kwenye makaburi ya zamani. Pa kwanza sururu ilipenya ikashuka nusu mpini. Pa pili udongo ulizama wenyewe. Pa tatu walisimama kwa sababu walisikia nyundo, ko, ko, ko, watu wanafanya kazi chini ya miguu yao. Mmoja wao akasema, "Mzee hataki kulazwa juu ya watu ambao hakuwahesabu." Wakacheka, kisha hawakucheka tena, wakabeba majembe wakaja huku kwenye mwamba.

Mtakapomshusha, kamba yake itakatwa mara moja, katikati ya mafundo mawili. Kipande chenye fundo jekundu kitashuka naye. Baba na mwana wamekaa miaka kumi na miwili bila kuzikana, basi leo walale pamoja kwa njia hiyo iliyobaki. Kipande chenye fundo la buluu hakizikwi. Mama yake hawezi kulifungua, wala dada yake, wala mchungaji, wala mtu yeyote aliyeko hapa, hata akiliona koti lake, hata akiapa kwamba amemwona barabarani. Linafunguliwa na vidole vya mwenyewe, juu ya ardhi.

Kwa hiyo familia ina ombi moja, na ndilo la pekee tunaloomba katika msiba huu. Tukitoka hapa, msije nyumbani kutupa pole. Twendeni wote shimoni. Msimamizi wa shimo ni mmoja wa wanne waliotolewa siku ile kwa mashine ya maji iliyong'olewa kwa mwanetu. Leo amebeba jeneza, bega la mbele kushoto, na familia inamshukuru. Hatusemi hivi kumsuta. Siku ile wao waliishi, na marehemu alifurahi kwamba waliishi, alisema hivyo mara nyingi. Tunamwomba tu asiseme kumi na saba wala kumi na tisa. Ashushe mtu, siyo karatasi. Awatoe wote kabla mashine ya pili haijazimika, na wakitoka tuwahesabu mmoja mmoja, kwa uso, kofia ikiwa imevuliwa. Sisi tutakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mama atakuwa ameshika kamba.

Mzee Mafundo ameacha mjane, binti mmoja, mkwe mmoja, mjukuu mmoja wa kike mwenye miaka kumi na miwili ambaye hajawahi kumwona baba yake, dada wawili, na mwana wa pili, ambaye tumemwandika hapa miongoni mwa walio hai, na hatutamwandika kwingine.

Pumzika sasa, baba, kwa amani na kwa pumzi nzima. Umehesabu vya kutosha. Zamu hii ni yetu.